Bendera Iliyopotea kwenye Kamba ya Dobi

Nyinyi vijana mnaotia nguo kwenye mashine, mkabonyeza kitufe na kwenda zenu kuzungumza, msije mkaniambia kwamba mnafua. Mashine ndiyo inayofua. Nyinyi mnangoja tu. Mimi nimefua kwa mikono hii, na kama vidole vyangu leo havinyooki, msiulaumu uzee peke yake. Laumuni magadi na shuka za watoto wa mabalozi.

Naitwa Danieli, mtu wa Mwakirunge. Kazi niliifanya Likoni, miaka ya vile vita vikubwa vya pili, kwenye skuli ya bweni ya watoto wa Kizungu. Wala si Waingereza peke yao. Wangekuwa Waingereza peke yao ningepumzika. Walikuwa watoto wa mabalozi, wa mawakala wa meli, wa manahodha na mainjinia wa bandarini: Wagiriki, Wabelgiji, Waholanzi, Wanorwe, na wengine ambao hata sikujua nchi yao iko upande gani wa vita. Kila nchi iliyokuwa na mtoto pale ilikuwa na bendera yake ukumbini, ndiyo maana watu wa Likoni wakaiita Skuli ya Bendera. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu, na nimelisahau makusudi.

Sasa sikilizeni. Dobi ni mtu wa shaka, na lazima awe hivyo. Watu wote wanaweza kukudanganya kwa mdomo, lakini nguo wanakuletea wenyewe. Palikuwa na mtoto wa balozi mmoja aliyeapa mbele ya mwalimu kwamba hakuingia shamba la jirani kula mabibo. Alilia mpaka akapewa peremende. Na mimi shati lake ninalo mkononi! Maji ya bibo yakidondoka kwenye nguo huwezi kuyaona, ni kama maji tu. Uyatie sabuni, hapo ndipo yanapogeuka kahawia, na yakishageuka hata umwite mganga wa Kidigo hayatoki. Sikusema kitu. Lakini tangu siku hiyo nikawa namtazama yule mtoto kwa jicho la pembeni, na yeye ananitazama vivyo hivyo.

Na zama zenyewe zilikuwa za kutazamana. Tuliambiwa majasusi wamejaa, tusitaje meli iliyoingia wala iliyotoka. Mkuu wa skuli, mwanamke mrefu mwenye miwani tuliyemwita Bibi Mkuu, alikuwa akigonga muhuri kwa pete yake kwenye mche wa sabuni kila jioni, ili asubuhi ajue kama umekatwa. Mpishi alimshuku mtunza bustani. Mtunza bustani alimshuku yaya. Yaya alitushuku sote, akatuombea dua kwa majina. Mimi nilimshuku fundi wangu.

Fundi wangu alikuwa Mzee Athumani, mtu wa Mvita khasa aliyeoa Likoni akahamia huko. Mwembamba, ndevu nyeupe, kanzu yake haina kunyanzi hata saa za jua kali. Yeye ndiye dobi mkubwa, mimi msaidizi wake, kijana wa miaka ishirini niliyetoka misheni na darasa langu la nne na Kiingereza cha kuombea maji. Nilijiona msomi, Mungu anisamehe.

Mkaa wa pasi alinikataza kununua sokoni, ati unaruka cheche. Tulitumia vifuu vya nazi, vinashika moto mkali na havitemi. Pasi aliijaribu kwa kuisogeza karibu na shavu, akitulia kidogo kama anayesikiliza, halafu anasema "bado" au "haya." Nilipojaribu mimi niliunguza sharubu. Kisha pasi husuguliwa kwa jani la mgomba ili iteleze. Vita vilipozuia wanga wa mkebe, alinifundisha kutengeneza wanga wa muhogo na kuuchuja mara tatu kwa kitambaa. Mara ya kwanza nilichuja mara moja, nikaona yanatosha. Siku hiyo watoto walishinda darasani wakitazama dari, kola zimewasimama shingoni kama mbao.

Alama za nguo nazo zilinitia aibu. Mzee hakujua kusoma, kwa hiyo kila mtoto alimshonea picha ndogo kwenye pindo: huyu kaa, huyu ufunguo, huyu nyota. Mimi msomi nikamwambia Bibi Mkuu kwamba huo ni ushamba, tutumie nambari. Bibi Mkuu akafurahi. Juma la kwanza tu, mvulana wa Kigiriki nambari sita akapelekewa chupi za lesi za msichana wa Kiholanzi nambari tisa, kwa sababu ukiigeuza sita ni tisa. Akawa hana budi kuzivaa, maana alikuwa hana nyingine safi, na siku ile palikuwa na mbio za magunia. Mzee Athumani alicheka mpaka akakaa chini.

"Danieli," akasema, "kaa ukimpindua ni kaa yuyo yuyo."

Basi alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakunipiga, hakunitukana. Kitu kimoja tu hakuweza kukivumilia: Kiswahili changu. Siku moja nilimwambia, "Fundi, nimechukua sabuni yako." Akanizunguka akinitazama mabegani.

"I wapi? Siioni."

"Nimeitumia, Fundi."

"Basi hukuitukua, umeitwaa." Hivyo ndivyo alivyotamka, kutukua, kwa te, kama wazee wa Mvita. "Kutukua ni kubeba. Mtukuzi wa bandarini hutukua magunia ya watu mchana kutwa, jee, ni mwizi? Mwanamke akitukua mimba, ameiba?"

Nikasema hapana, Fundi. Akaniambia nirudie: kutwaa ni kutia mkononi kiwe chako, kuchukua ni kubeba mzigo, hata uwe wa nani. Alinirudisha kwenye neno hilo siku nyingi, mpaka nikaliota.

Sasa mtaniuliza, mtu kama huyo nilimshuku kwa lipi? Nilimshuku kwa ajili ya furushi la kitambaa. Kila Alhamisi akitoka kazini alikuwa nalo kwapani, limefungwa vizuri, na hakuniambia kamwe lina nini. Nikimwuliza, "Fundi, nikubebee?" anasema, "Wacha, ni vyangu." Mtu mwaminifu ana siri gani kila Alhamisi? Nikaanza kuhesabu mashuka. Hayakupungua. Hilo nalo likanizidishia shaka, nikasema huyu mjanja, anaiba visivyohesabika.

Palikuwa na mtoto wa Kinorwe pale, Ingiridi, nambari kumi na saba. Miaka tisa hivi, nywele nyeupe kama katani. Baba yake nahodha wa meli ya mizigo. Nchi yao ilikuwa imetekwa na Wajerumani, mama yake amebaki huko, na baba alipokuwa akirudi baharini alimwachia binti bendera ya meli yake, kubwa, nyekundu yenye msalaba. Bibi Mkuu akaichukua, au niseme akaitwaa, akaifungia kwenye kabati la ukumbini pamoja na bendera nyingine, ati ni amana mpaka siku ya sherehe. Mtoto alikuwa akienda kusimama mbele ya lile kabati, pua kwenye kioo. Meli ya baba yake ilipitisha miezi bila kurudi, na wakubwa wakimwona wanakatiza mazungumzo.

Sherehe ilipokaribia, bendera zote zililetwa kufuliwa. Ile ya Kinorwe nilipewa mimi. Mzee akaniambia, "Nyekundu hiyo itatoka rangi. Itie chumvi, uisuuze mara tatu, usiikunje ikiwa na maji." Nikaitia chumvi kidogo na kuisuuza mara moja. Nilikuwa na haraka, nadhani palikuwa na ngoma Mtongwe. Nikaianika.

Asubuhi yake kamba ina bendera zote isipokuwa hiyo moja.

Vijana, bendera ya nchi iliyotekwa, wakati wa vita, imepotea kwenye skuli ya mabalozi! Ingekuwa shuka tungekaripiwa tu. Saa tatu inspekta wa polisi keshafika na askari wawili wa bara. Watoto walifungiwa darasani, wasiambiwe kitu, wasije wakatishika. Sisi watumishi tukapangwa barazani: mpishi, yaya, mtunza bustani, Mzee Athumani na mimi. Bendera ile ilifuliwa kwa mikono yangu, na mtu wa mwisho kuigusa, kwa ninavyojua, nilikuwa mimi.

Inspekta akauliza kwa Kiswahili chao kile cha jikoni: "Nani nachukua bendera?"

Halafu Mzee Athumani akatoka mstarini, hana wasiwasi wowote, akasema kwa adabu:

"Naam, bwana. Nalitukua miye."

Bibi Mkuu akashika mdomo. Mzee akawa anaendelea, "Nikaipeleka kwa..." lakini inspekta keshanyanyua mkono kumnyamazisha. Akanigeukia mimi, kwa kuwa Bibi Mkuu alimwambia huyu kijana ana Kiingereza. Akaniuliza kwa Kiingereza: huyu mzee anasema ameitwaa yeye?

Hapo ndipo ilipokuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa. Nilijua lile neno kuliko mtu yeyote pale barazani. Nilikuwa nimefundishwa na mwenyewe. Nilijua amesema ameibeba, na kwamba swali la kufuata ni moja tu: ulimbebea nani, ukaipeleka wapi? Ningeweza kuliuliza kwa pumzi moja. Lakini nikaliwaza lile furushi la Alhamisi. Nikawaza, kumbe! Leo kanaswa. Na nyuma ya wazo hilo palikuwa na jingine dogo la woga, kwamba akiwa ni yeye, basi si mimi.

Nikasema, "Yesi."

Na kana kwamba hiyo haikutosha, nikaongeza la furushi bila kuulizwa. Askari wakamshika Mzee mikono. Alinitazama, si kwa hasira, alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi. Mimi nikatazama miguu yangu. Akapelekwa ng'ambo ya kivuko, kisiwani Mvita, na huko, nilisikia baadaye, mkalimani alikuwa mtu wa bara pia, na kila Mzee aliposema nalitukua, yeye aliandika ameiba, asingoje kusikia aliipeleka kwa nani.

Watoto waliambiwa dobi mzee amekwenda likizo. Mimi nikapewa meza yake.

Juma moja likapita. Nguo za bweni zikaja, nikaanza kuzichambua kama alivyonifundisha, nyeupe huku, za rangi huku, zenye madoa peke yake. Nikafika kwenye foronya nambari kumi na saba. Ina nyekundu. Si damu, damu hukauka ikawa kahawia na ngumu. Hii ilikuwa nyekundu laini, imesambaa kwa upande mmoja tu, upande wa ndani, mahali mtoto anapolaza shavu, tena penyewe palikuwa na chumvi chumvi ya machozi yaliyokauka. Nyekundu isiyosuuzwa vizuri ikipata unyevu hutoka. Nyekundu yangu mwenyewe, niliyoisuuza mara moja kwa sababu ya ngoma.

Nikakaa chini kwenye sakafu ya maji.

Alasiri nilimwomba yaya anisindikize bwenini, tukamkuta Ingiridi kitandani. Nikamwonyesha foronya. Hakukana. Alitia mkono ndani ya mto, katikati ya pamba, akavuta pembe ya bendera.

"Kabati lilikuwa limefungwa siku zote," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, kilikuwa cha Mzee. "Nikaiona kwenye kamba. Ilikuwa nzito, bado mbichi. Nikamwambia Mzee, nitukulie. Akanitukulia mpaka mlangoni. Akasema mwenye kitu hapokonywi chake."

Halafu akauliza, "Likizo ya Mzee yaisha lini?"

Yaya akanitazama. Nikamwambia mtoto, itakwisha karibuni.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sikumwambia hata marehemu mke wangu. Mngedhani nilikimbia saa ile ile kwa Bibi Mkuu. Sikukimbia. Nilikaa siku mbili nikiwaza. Nikisema bendera imepatikana, wataniuliza nani alitafsiri. Watasema huyu ndiye mwongo, huyu ndiye wa kufungwa. Nilipiga pasi siku mbili nzima, na niliunguza mashati matatu, mimi niliyekuwa siunguzi tena. Na yaya naye kila nikipita alikuwa ananitazama na kutikisa kichwa. Nilimshuku atanitangulia. Siku ya pili akaniapia, "Haki ya Mungu, usiposema wewe nitasema mimi." Basi siku ya tatu nikaenda, na sitajisifu kwamba nilikwenda kwa wema.

Bibi Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Miwani yake ilikuwa mezani, na bila miwani alionekana mtu mwingine, mchovu.

"Lakini wewe ulisema amekiri," akasema.

Nikamweleza kutukua na kutwaa. Nikamtajia mtukuzi wa bandarini. Akaandika barua, akaipeleka mwenyewe ng'ambo kwa gari lake, hiyo nitampa haki yake. Bendera alimwachia mtoto. Lakini kwenye daftari la skuli aliandika kwamba palitokea hitilafu ya lugha, na mimi sikuulizwa tena neno. Hitilafu ya lugha! Lugha haikuwa na hitilafu yoyote.

Mzee Athumani alikuwa amelala mahabusu siku kumi na moja. Alirudi Jumatatu asubuhi, si kufanya kazi. Alikuja kuchukua pasi yake, maana pasi ilikuwa mali yake, alikuja nayo kutoka Mvita. Kanzu yake ilikuwa na kunyanzi. Sikuwahi kuiona hivyo.

"Shikamoo, Fundi," nikasema.

"Marahaba," akajibu, kwa sababu hilo haliachwi bila kujibiwa.

Akaanza kuifunga pasi kwenye kitambaa. Nikaona kitambaa kile ni kile kile cha Alhamisi, nikashindwa kujizuia, nikamwuliza ndani mlikuwa na nini siku zote zile.

"Nguo zangu," akasema. "Kanzu zangu nizivaazo hapa kazini. Kila Alhamisi nalizitoa huku nikazifue kwangu, kwa sabuni yangu. Niwapo hapa natoka jasho, nabadili. Ningezifua hapa wangesema dobi atumia sabuni ya skuli."

Akalifunga fundo, akalikaza, halafu akaniinulia uso.

"Inspekta hajui Kiswahili," akasema taratibu. "Yule askari wa bara hajui. Bibi hajui, ni mgeni, hana lawama. Hao wote nimewasamehe, nalikwisha wasamehe huko huko ndani. Weye, Danieli, ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema niliogopa, neno lilinipita, Kiingereza changu kidogo. Alikuwa amenipa hata nafasi ya kusema hivyo, naamini alitamani niseme hivyo.

"Nilijua," nikasema.

Akatikisa kichwa kidogo, kama alivyofanya akisikiliza pasi. Nikanyoosha mkono nimsaidie na lile furushi mpaka nyumbani kwake, maana pasi ya chuma ni nzito kwa mtu wa umri wake. Akasema, "Wacha," akatoka. Hakurudi tena, na mimi sikwenda kwake, ingawa nyumba yake ilikuwa mwendo wa robo saa, na hata alipofariki miaka baadaye nilipata habari siku ile ile.

Nilifanya kazi pale miaka mingi baadaye, vita vikaisha, watoto wakaja wengine na bendera nyingine. Nikawa mimi dobi mkubwa. Nilirudisha kaa na ufunguo na nyota kwenye mapindo. Vijana niliowafundisha walikuwa wakishangaa ninavyojaribu pasi karibu na shavu, ninavyochuja wanga mara tatu, wananiuliza, "Babu, nani alikufundisha kazi?" Na kila mara niliwajibu, "Nimejifundisha mwenyewe." Nimesema hivyo kwa watu wengi mno, na wengine ni baba zenu.

Si kweli. Alinifundisha Mzee Athumani wa Likoni, na mimi ndiye niliyemtia ndani.